Yule malkia wa uru

Rafiki yangu mpendwa,

Salamu nyingi. Karata 26 za mchezo wako wa briji ulizoninakilia, 13 za mkononi mwako na 13 za mwenzako zinazolazwa wazi mezani, nilizipanga mezani jana usiku, nikazicheza tena na tena hadi nikaona ulipokwama.

Mkataba wako, yaani ahadi uliyotoa, ulikuwa kula mizunguko 9 kati ya 13 bila turufu. Magharibi, mpinzani wa kushoto kwako, alianza na mfalme wa kopa, nawe, ukiwa na ree, 7 na 4, ukafanya jambo la busara sana: ulimwachia mfalme, ukamwachia na malkia, ukaitoa ree katika mzunguko wa tatu. Ya uhakika ilikuwa 7: shupaza 2, kopa 1, uru 2 na pau 2. Miwili iliyopungua ilipaswa kutoka kwenye uru, ambako mezani palikuwa na ree, jeki, 10, 9 na 5, na mkononi mwako mfalme, 8 na 4.

Uliwaza kwamba Magharibi ana kopa 5 na Mashariki, mwenzake wa upande wa pili, 3, hivyo Mashariki ana nafasi 10 za karata nyingine dhidi ya 8 za mwenzake, na kwa hiyo malkia wa uru ana uwezekano mkubwa zaidi wa kuwa kwake. Hesabu hiyo ni sahihi. Ukamtoa jeki mezani, ukamwacha apite bila kumfunika kwa mfalme wako, Magharibi akamla kwa malkia, kisha akashusha kopa zake mbili zilizobaki.

Nakuomba uutazame tena ule mzunguko wa tatu, Mashariki alipotoa kopa yake ya mwisho. Tangu hapo hakuwa na njia ya kumfikia mwenzake. Laiti ungeanza na mfalme wa uru, kisha ukacheza 4 kuelekea mezani na kumweka jeki! Malkia akiwa kwa Magharibi, amenaswa, kwa kuwa Magharibi anacheza kabla ya ree na jeki za mezani. Akiwa kwa Mashariki, atakula mara moja tu na kurudisha shupaza au pau, ambako una ree na mfalme, nawe unapata uru 4 na mizunguko 9 kamili. Hata kopa zingegawanyika nne kwa nne, wangeongeza mmoja tu, na mkataba ungesimama. Katika mashindano ya jozi, ambako mzunguko wa ziada hupandisha alama, ningesita kukulaumu, lakini jioni ile mkataba ulikuwa ndio kila kitu.

Nyuma ya karatasi hii nimekuandikia mgao mwingine. Tafadhali, kabla hujatoa karata ya kwanza mezani, niandikie ni mpinzani yupi usiyetaka aingie.

Wako wa siku zote