Kwa Dada Yangu Anayeanzia Ukurasa wa Mwisho

Dada yangu,

Shikamoo. Najua ungependa nikupigie simu, lakini ninayotaka kusema ni marefu, na kwenye simu huwa unanikatiza kabla sijafika popote. Nayaandika hadharani kwa sababu naamini wapo wengine wenye tabia kama yako, na wapo wengine kama mimi, waliowalaumu dada zao kwa jambo wasilolielewa.

Miezi mitatu hii nimesoma riwaya za upelelezi na uhalifu tu, moja ikiisha nashika nyingine. Na kila nikifungua kitabu nakuona wewe: umeketi upande, kidole gumba kimeshikilia kurasa za mwisho, unasoma nani aliyeua, unatikisa kichwa, halafu ndiyo unarudi sura ya kwanza kwa utulivu wa mtu aliyekwisha kulipa nauli. Nilikuwa nakasirika mno. Unakumbuka tulikuwa tunasoma nakala moja, ukilala mimi naichukua, kila mmoja na kikaratasi chake cha kuwekea alama. Siku uliyolitaja jina la muuaji tukiwa tunaosha vyombo, sikukusemesha siku mbili nzima.

Leo nakiri kwamba kwa sehemu kubwa ulikuwa sahihi.

Nianze na The Day of the Jackal ya Frederick Forsyth, iliyotoka mwaka 1971. Kundi la siri la OAS, lililomchukia Rais Charles de Gaulle wa Ufaransa kwa kuiachia Algeria ijitawale, linamkodi Mwingereza mmoja kwa dola nusu milioni ili amuue. Sasa, ni nani asiyejua kwamba De Gaulle hakuuawa? Alifia nyumbani kwake Novemba 1970. Forsyth alipoanza kuupeleka mswada wake kwa wachapishaji, mzee mwenyewe alikuwa bado yu hai, na wachapishaji kadhaa waliukataa. Nani atahangaika na habari za jaribio ambalo mwisho wake unajulikana? Wewe ungehangaika nalo, dada. Ukurasa wa mwisho wa kitabu kile dunia nzima ilikuwa imeshausoma kabla hakijachapwa, na bado mikono ilinitoka jasho.

Kuna mahali muuaji anaingia msituni kuijaribu bunduki yake. Amenunua tikiti. Analipaka rangi lipate sura ya mtu, analitia kwenye mfuko wa wavu, analitundika mtini. Anarudi nyuma hadi umbali anaoutaka, anapiga risasi moja, anatembea hadi mtini kutazama tundu limetokea wapi. Anarudi. Anaigeuza skrubu ya darubini kidogo tu. Anapiga tena, anatembea tena, anatazama tena. Haongei, hana haraka, na mwandishi naye hana haraka. Mwisho anaweka risasi ya aina nyingine, ile aliyotengenezewa maalumu, na tikiti linasambaratika. Nilikiweka kitabu chini. Nilijua fika kwamba De Gaulle atapona, lakini macho yangu yalikuwa yameshaliona lile tikiti, na tangu hapo kila kiongozi huyo alipotajwa nililiona tena.

Anayemsaka muuaji ni Kamishna Claude Lebel, mtu mfupi, mpole, ambaye hata nyumbani kwake hasikilizwi. Silaha yake ni simu na mafaili. Nimempenda kuliko wapelelezi wote wanaorukaruka juu ya mapaa. Swali la "atauawa?" lilikuwa halipo tangu mwanzo, ndiyo maana nafasi yote imebaki kwa swali lililo zito zaidi: mtu aliyejipanga namna hii anazuiwaje?

Keigo Higashino wa Japani ameitumia njia hiyohiyo kwa namna ya kuumiza zaidi. The Devotion of Suspect X, ya mwaka 2005, inakuonyesha mauaji mwanzoni kabisa, mbele ya macho yako. Mama anayemlea binti yake peke yake anaingiliwa nyumbani na mtalaka wake. Zinazuka purukushani, na mwanamume anakufa kwa waya wa umeme shingoni. Jirani wa mlango wa pili, mwalimu wa hisabati aitwaye Ishigami, amesikia vishindo. Anabisha hodi. Kuanzia hapo mzigo wote wa kuficha anaubeba yeye, kwa mapenzi ambayo mama yule hata hajui kama yapo.

Basi unasoma ukidhani huna la kutafuta, kwani muuaji unamjua, maiti unaijua, sababu unaijua. Lakini mwalimu huyu ana mtindo wa kuwatungia wanafunzi maswali yanayoonekana ya jiometri, kumbe yanataka hesabu ya namna nyingine kabisa. Mwenye pupa anayashindwa kwa sababu alishaamua ni swali la nini kabla ya kulisoma. Nami nilishindwa. Na wewe utashindwa pia, hata kwa tabia yako, kwa maana ukianzia ukurasa wa mwisho utamkuta mtu mzima analia kilio cha kutisha, na hutajua analilia nini. Itakubidi urudi mwanzo kama sisi wote. Nilicheka peke yangu nilipoligundua hilo, kisha nikasoma ukurasa ule mara ya pili na kicheko kikaisha.

Ninayotaka sana kuzungumza nawe, hata hivyo, ni My Sister, the Serial Killer ya Oyinkan Braithwaite wa Nigeria, ya mwaka 2018. Ni kitabu chembamba, sura zake fupi, nyingine hazimalizi hata kurasa mbili. Kinaanza kwa simu. Ayoola, mdogo mtu, mrembo ambaye kila mtu anamtazama yeye, anampigia dada yake Korede kumwambia kwamba ameua. Ni mwanamume wa tatu huyo. Kisu ni kile cha baba yao. Korede haulizi mengi. Anakwenda na glavu zake na jiki yake, anapiga magoti, anasugua. Ni muuguzi, mtu wa usafi na utaratibu, na anazijua pembe za bafu ambazo wengine husahau kuzipitisha kitambaa.

Hakuna fumbo la nani kaua. Hata polisi hawakunishughulisha sana. Kilichonishika ni Korede mwenyewe: kila mara anasafisha, kila mara anaapa moyoni kwamba hii ni ya mwisho, na kila mara mdogo wake akimwita anaitika. Nilijiuliza, ningekupigia simu kama ile, ungekuja? Nilijijibu kabla sijamaliza kuuliza. Ungekuja. Ungeniuliza kwanza kama nimekula. Ilinitisha, dada, kwa sababu niligundua kwamba mambo mengi niliyoyaharibu katika maisha yangu uliyasafisha wewe, na mimi sikuwahi kutazama chini kuona umepiga magoti.

Korede ana mtu mmoja tu wa kumwambia siri zake, mgonjwa aliye katika usingizi wa kupoteza fahamu hospitalini anakofanya kazi. Anaketi kando ya kitanda, anamweleza yote, akiamini hasikii. Nilipofika kwenye kurasa hizo ndipo nilipokumbuka tabia yako ilianza lini.

Haikuwa tabia yako tangu utotoni. Ilianza mwaka ule mama alipolazwa. Tulikuwa tunapokezana kukaa naye, na wewe ulichukua zamu za usiku. Nilikuja alfajiri moja kukupokea nikakukuta kwenye benchi la korido, kitabu mapajani, umekifungua mwishoni. Nilikukemea, tena kwa sauti, kana kwamba hapakuwa na jambo jingine la kukemewa katika jengo lile. Ukaniambia: "Siwezi kusubiri habari mbaya mbili kwa wakati mmoja. Moja acha niijue mapema." Sikukuelewa. Nilidhani unatafuta kisingizio. Mama alipona, akarudi nyumbani, lakini wewe hukurudi tena kuanzia mwanzo, na mimi niliendelea kukucheka mbele ya watu kwa miaka. Naomba unisamehe.

Taharuki ni kitu cha anasa. Mtu anaifurahia akiwa na hakika kwamba akifunga kitabu, kwake ni salama. Wasiokuwa na hakika hiyo wana haki ya kuchungulia.

Siyo kwamba kila nilichosoma kilinifunza kitu. Kuna riwaya moja, sitaitaja jina, iliyonichukua usiku tatu. Mwandishi alijenga nyumba, familia, chuki za miaka mingi, mashahidi wanaopingana, yote vizuri kabisa. Zikiwa zimebaki kurasa chache akamleta pacha. Pacha ambaye hakuna aliyemtaja, ambaye hata picha yake haikuwahi kuonekana ukutani. Nilihisi nimeibiwa. Mwaka 1929 padri na mwandishi Ronald Knox aliorodhesha kanuni kumi za riwaya za upelelezi, na mojawapo inasema wazi kwamba mapacha wasitokee ila msomaji awe ameandaliwa. Nyingine inamtaka mpelelezi asifiche dokezo lolote analoliokota. Msomaji alione papo hapo. Kanuni hizo zimevunjwa mara nyingi na waandishi hodari, wala sizioni kuwa sheria ya Mungu. Lakini chini yake kuna heshima ninayoidai: usinifanye nikeshe usiku tatu kutafuta kitu ambacho hukukiweka.

Katikati ya yote hayo nilimrudia Bwana Msa, mpelelezi wetu wa utotoni. Mzimu wa Watu wa Kale ya Muhammed Said Abdulla ilishinda shindano la uandishi la mwaka 1957 na 1958, ikachapishwa 1960, na sisi tuliisoma tukiwa wadogo hata hatujui maana ya nusu ya maneno. Safari hii nimeisoma taratibu. Kiko kile kile mdomoni, Najum yule yule pembeni akishangaa, na Kiswahili kinachotembea kwa raha zake, hakikimbizani na mtu. Nilikuwa naujua mwisho. Haukunipunguzia raha hata chembe. Na hapo nikaona kwamba mimi niliyekuwa nikikukemea, ninaporudia kitabu ninachokipenda, nafanya kilekile unachofanya wewe, ila mimi nimechelewa kwa usomaji mmoja.

Kwa hiyo sikuombi uiache tabia yako. Nakuomba uiweke kando mara moja tu, kwa kitabu kimoja.

Ni The Murder of Roger Ackroyd ya Agatha Christie, ya mwaka 1926. Kitabu hiki kilizua ubishi kiliposomwa mara ya kwanza, wengine wakisema mwandishi amewachezea wasomaji rafu, wengine wakisema kila kitu kilikuwa mbele yao na hawakukitazama. Mimi niko na hawa wa pili. Nilirudi nyuma nikahakiki sentensi kwa sentensi. Mpelelezi Hercule Poirot amestaafu, amehamia kijijini kulima maboga, na yamemchosha kiasi kwamba tunakutana naye amerusha boga juu ya ukuta likaangukia bustani ya jirani. Jirani huyo ni daktari, naye ndiye anayetusimulia. Anaishi na dada yake mkubwa, Caroline, ambaye hahitaji kutoka nje ili ajue kila kinachotendeka kijijini. Yeye hukaa tu na habari zikamfuata. Christie alisema baadaye kwamba huenda ni kutokana na Caroline ndipo Miss Marple, mpelelezi wake mwingine, alipozaliwa. Utampenda. Utajifahamu ndani yake, na utanikana ukiulizwa.

Hiki ndicho kitabu pekee kati ya vyote hivi ambacho ukijua mwisho wake kwanza unapoteza kitu kisichoweza kurudishwa. Vingine vinastahimili, hiki hakistahimili. Hutaweza kukisoma tena kwa mara ya kwanza, na mara ya kwanza yake ni ya thamani mno.

Nakutumia nakala yangu. Sura za mwisho nimezizungushia ukanda wa karatasi na kuubandika kwa gundi. Hautakuzuia ukitaka, utachanika kwa ukucha. Soma kuanzia mwanzo, kwa kasi yako. Ukifika mahali Poirot anapowakusanya wote chumbani usiku ule, simama hapo unipigie, hata kama ni saa nane za usiku. Mimi nitafungua nakala nyingine hapo hapo, tuukate ukanda wako, tusome pamoja kwenye simu, ukurasa kwa ukurasa, hadi mwisho. Hii moja tuisubiri wawili.

Mdogo wako