Pilau ina kasma, picha hazina

Ndugu Mhariri,

Mara ya mwisho kuandika gazetini ilikuwa 1998, wakati wa mvua za El Niño, nikilalamikia barabara. Tangu hapo nimekaa kimya, nasoma, nafungia misumari. Habari yenu ya wiki iliyopita imenishinda. Mliandika kwamba ukumbi wa sanaa wa umma hapa Bagamoyo una kazi nyingi zilizoharibika, na kwamba zitashughulikiwa mfadhili akipatikana. Mwandishi wenu akaishia hapo, akatuwekea picha ya mgeni rasmi akikata utepe. Hakuuliza utepe ulinunuliwa na mfadhili gani.

Mimi ni seremala. Mwaka 1974 nikiwa Dar es Salaam nilinunua pale Morogoro Stores, Oysterbay, kibao cha futi mbili kwa mbili, ndege wawili juu ya tawi, kimechorwa kwa rangi ya baiskeli na kijana mmoja aliyejifunza kwa Edward Saidi Tingatinga. Mwenyewe Tingatinga alikuwa ameshakufa miaka miwili nyuma. Nikakitilia fremu ya mninga. Kimekaa sebuleni kwangu zaidi ya miaka thelathini, kikala moshi na vumbi, hakijapasuka hata unywele. Macho yalipoanza kuniishia nikaona bora kiende kwa umma, watoto wa Bagamoyo wakione. Nikatia sahihi kwenye kitabu cha mapokezi, nikapewa soda.

Masika yaliyopita nilimpeleka mjukuu wangu akakione. Tukamkuta mhudumu amekishusha ukutani, amekilaza mezani, anakisugua kwa tambara lililochovywa kwenye maji ya sabuni ya unga. Kona ya chini imevimba kama andazi, maana ile ni silingibodi, ikishakunywa maji haiyatemi. Rangi imeinuka magamba, na ilipoinuka zaidi wamebandika selotepu. Mkia wa ndege mmoja ulikuwa kwenye tambara. Nikamuuliza, "Mwanangu, unafanya nini?" Akanijibu kwa adabu zote, "Shikamoo, babu. Tunaipendezesha, Ijumaa kuna wageni." Simlaumu, hakuna aliyemfundisha. Nikaenda ofisini. Nikaambiwa uhifadhi hauna kasma, fungu lake la fedha halipo. Nikauliza, na yale mahema yanayosimamishwa nje, na viti vilivyovishwa satini, na fulana, na pilau? "Ile ni shughuli, mzee, ina kasma yake." Yaani, Mhariri, picha ikizinduliwa ina fedha, ikishatundikwa haina. Kurudi ukumbini nikamkuta mjukuu amechuchumaa chini ya lipiko, kile kinyago cha Kimakonde cha kuvaa kichwani, anachora kwa kidole kwenye unga laini uliomwagika sakafuni. "Babu, hii poda ya nani?" Haikuwa poda, ulikuwa mti wenyewe. Lipiko huchongwa kwa mti mwepesi, na mdudu bungua anaupenda kama mtoto anavyopenda kashata. Hata mpingo, ule moyo mweusi humshinda, lakini sehemu nyeupe ya pembeni ambayo wachongaji huiacha kwa urembo, anaiingia. Unga ule hufagiliwa kila asubuhi, ukaenda jalalani pamoja na majani ya mwarobaini. Sanaa ya umma inatolewa nje kwa kizoleo, kidogo kidogo, na hakuna anayeandika popote kwamba leo tumetupa kiasi gani.

Na tukiwa hapo hapo, nani aliruhusu saruji? Nyumba za Mji Mkongwe zilijengwa kwa matumbawe na chokaa ili ukuta upumue. Siku hizi kila anayepata fedha za ukarabati anapiga plasta ya saruji na kumalizia na rangi ya mafuta, ipate kung'aa kwenye picha za simu. Maji yaliyomo ndani yanakosa pa kutokea, chumvi ya bahari inayaita mengine, na baada ya masika mawili plasta inadondoka vipande. Ukuta huo huo unaotoka jasho ndio tunaupigilia msumari na kutundikia picha. Mji huu uko kwenye orodha ya awali ya Urithi wa Dunia tangu 2006, kwa ajili ya njia ile ya watumwa na pembe za ndovu. Nadhani tunangoja kuta zilale chini ndipo tuitwe. Mafundi chokaa wachache bado wapo, wanacheza bao barazani, na hakuna aliyewabishia hodi.

Sidai mtaalamu kutoka Ufaransa. Picha aliyoichora marehemu Sam Ntiro, mchoraji wetu, mwaka 1956 iko New York, kwenye jumba la sanaa la Museum of Modern Art, na sidhani huko inafutwa kwa sabuni ya unga, lakini mimi sijaomba New York. Naomba friza. Moja tu, ile ya kulala, kama za wauza samaki. Lipiko likizungushiwa nailoni mara mbili, likafungwa hewa isipenye, likalazwa wiki mbili kwenye nyuzi 20 chini ya sifuri, bungua amekwisha yeye na mayai yake bila tone la sumu. Likitolewa libaki ndani ya nailoni mpaka joto lake lilingane na la chumba, lisije likatoa jasho. Vibao vya rangi visitiwe humo, msije mkasema seremala alisema. Pweza wa Bagamoyo ana friza, kamba ana friza, kinyago kina nini? Fedha zitoke kwenye hema moja pungufu. Na kiingilio cha mlangoni, katika kila shilingi kumi moja iingie kwenye sanduku la kioo lenye kufuli mbili, ufunguo mmoja ofisini, wa pili kwa mzee yeyote wa mtaa asiyependa pilau.

Ama kibao changu, nakitaka na uvimbe wake. Nitakuja Jumamosi saa tatu asubuhi na mkokoteni, na nakala ya ukurasa wenye sahihi yangu. Naomba na lile tambara, maana mkia wa ndege umebaki humo.

Seremala Mstaafu,
Dunda, Bagamoyo