Jua la utosini ni mara mbili tu kwa mwaka

Ndugu Mhariri,

Muulize mtoto wa darasa la tano hapa Mtwara kivuli chake kiko wapi saa sita mchana. Atajibu kiko chini ya nyayo, maana jua liko utosini, na walimu wengi watampa vema. Jibu hilo ni kosa kwa karibu mwaka mzima, na anayeweza kuligundua ni mtoto mwenyewe, akiwa na fimbo na futikamba. Kwa hiyo wimbo wa "hatuna maabara" umetuchosha. Uwanja upo na jua lipo.

Mtwara iko karibu nyuzi 10.3 kusini mwa Ikweta. Adhuhuri ya tarehe 21 Juni, fimbo ya mita 1 hutoa kivuli cha sentimita 67 kinachoelekea kusini. Tarehe 21 Desemba kivuli ni sentimita 23, nacho kimegeukia kaskazini. Jua hutupitia utosini hasa karibu na tarehe 20 Oktoba, kisha tena tarehe 21 au 22 Februari. Ya Februari haifai kutegemewa kwa sababu ni msimu wa mvua na mawingu ni mengi.

Kata mwanzi mwembamba wa sentimita 120, uzike sentimita 20, ubaki mita 1 juu ya ardhi. Mahali pasawazishwe, chupa ya plastiki yenye maji nusu ikilazwa chini inatosha kuwa pima maji. Fimbo isimamishwe kwa timazi, yaani uzi uliofungwa nati, ikaguliwe kutoka pande mbili. Hapa ndipo kazi nyingi huharibikia: fimbo ikiinama nyuzi 2 tu, kivuli hukosewa kwa sentimita 3.5, na kivuli kilichotarajiwa kutoweka hakitoweki.

Kuanzia saa 5:30 hadi saa 7:00 watoto waweke kisoda kwenye ncha ya kivuli kila baada ya dakika 10. Kivuli kifupi kuliko vyote ndicho cha adhuhuri. Mwalimu anayepima saa 6:00 kamili na kufunga daftari amekosea, kwa sababu saa zetu hufuata longitudo ya nyuzi 45 Mashariki, nasi tuko kwenye 40.2. Tofauti hiyo hutuchelewesha dakika 19. Karibu na tarehe 20 Oktoba jua lenyewe huwa mbele ya saa kwa dakika 15, hivyo adhuhuri yetu ni saa 6:04. Februari huwa nyuma kwa dakika 13 na ushee, na adhuhuri husogea hadi saa 6:33.

Watoto watabishana ncha ya kivuli inaishia wapi. Waacheni wabishane. Jua si nukta. Lina upana wa nusu nyuzi angani, hivyo ncha ya kivuli cha fimbo ya mita 1 lazima iwe na ukungu wa karibu sentimita 1. Wakubaliane kuweka alama katikati ya ukungu huo, na wafanye hivyo kila mara. Jambo la kukataza kabisa ni kulitazama jua. Kazi yote iko ardhini.

Darasa la watoto 80 linahitaji fimbo 10. Katika kila kundi mmoja aangalie saa, mmoja aweke kisoda, mmoja apime, mmoja aandike, na waliobaki wasubiri zamu chini ya mwembe. Lakini kabla ya kutoka darasani kila mtoto aandike anachokitarajia, na mwalimu asimsahihishe. Mwalimu akishika futikamba yeye na watoto wakamzunguka kutazama, hayo si mafunzo kwa vitendo, ni maonesho.

Adhuhuri ya tarehe 20 Oktoba, kivuli chetu kikiwa kimetoweka, shule yenye simu inaweza kulinganisha na shule ya mbali. Lindi haifai: iko karibu mno, tofauti ni nusu sentimita, inamezwa na ukungu. Dar es Salaam kivuli kitakuwa kama sentimita 6. Mwanza ni bora zaidi, sentimita 13 hadi 14, ila adhuhuri yao huja karibu nusu saa baada ya yetu. Kwa njia hiyohiyo Eratosthenes, mtaalamu wa Ugiriki ya kale, alikadiria ukubwa wa dunia huko Misri zaidi ya miaka 2,200 iliyopita.

Siku za mawingu kuna jaribio jingine lisilohitaji maabara: kutambua vitu vichachu na magadi kwa rangi ya choya (rozela). Loweka gao moja la choya kavu katika nusu lita ya maji moto kwa dakika 15. Wengi huishia hapo, wakatia ndimu na kuona hakuna kilichobadilika, kwa sababu choya yenyewe ni chachu na tayari ni nyekundu. Izimueni kwa maji mpaka iwe waridi hafifu, ndipo ndimu au maji ya bibo (tunda la mkorosho) yataikoleza wekundu, na magadi yataigeuza kijani. Maganda mabichi ya korosho yasiguswe katika somo lolote. Mafuta yake huunguza ngozi.

Oktoba ni mwezi wa upimaji wa darasa la nne, na walimu wakuu watasema ratiba imebana. Basi wapange siku tatu kabla ya tarehe 20 au siku tatu baada yake: kivuli cha adhuhuri kitakuwa sentimita 2 tu, na watoto wakipima siku zote mbili watakikuta kimehamia upande wa pili wa fimbo.

Walimu wa Sayansi,
Mtwara