Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu wa Mwaka

Ndugu wanachama, mabaharia na watu wa bandari wastaafu, wazee wangu, akina mama, na wajane wa wenzetu mliotoka Marangu, Machame na Kibosho na mvua hii: karibuni Moshi.

Nianze na mepesi. Hesabu zimekaguliwa, mhazini atazisoma mwenyewe. Suala la bima ya afya bado tunalifuatilia. Ahadi tulizopewa ni nyingi kuliko majibu. Wenzetu waliotangulia mbele ya haki tumewazika kwa heshima na rambirambi zilifika kwa wakati. Wadaiwa wa ada wanajijua, sitawataja mbele ya wake zao.

Sasa lililotushughulisha zaidi. Kwenye baraza letu la Julai tulimzungumzia Kapteni Charles McVay wa manowari ya Marekani USS Indianapolis. Wapo walionung'unika: mabaharia na watu wa bandari waliostaafia huku mlimani wana habari gani na Mmarekani aliyekufa mwaka 1968? Kwa ambao hawakuwepo, nasimulia.

Julai 26, 1945 meli hiyo ilishusha kisiwani Tinian sehemu za bomu la atomiki lililokuja kuangushwa Hiroshima. Ikapitia Guam, ikaelekezwa Leyte, Ufilipino. McVay aliomba meli ya kumsindikiza, akanyimwa. Wakubwa walikuwa na taarifa za nyambizi za Kijapani njiani humo, yeye hawakumwambia. Usiku wa kuamkia Julai 30, saa sita ikiwa imepita kidogo, nyambizi I-58 ikaipiga topido mbili. Ilizama kwa takriban dakika 12. Kati ya watu karibu 1,200 waliokuwemo, wapatao 900 waliingia majini wakiwa hai. Waliookolewa ni 316.

Walionusurika walikaa majini hadi siku nne kwa sababu huko Leyte hakuna aliyewaulizia. Waraka ulisema kuwasili kwa meli za kivita kusiripotiwe, na makarani wakauelewa kwamba hata isipowasili, nyamaza. Saa ya kutarajiwa ilipotimia, alama ya Indianapolis ikaondolewa ubaoni kana kwamba imekwisha kutia nanga. Hapo mzee wetu mmoja, aliyeshika ubao wa meli bandarini Tanga enzi zake, alishindwa kukaa. Alisimama kofia mkononi: "Meli isiyofika huifuti! Unaiacha palepale, na wakala unampigia simu mpaka akuchukie." Manusura wale walionekana kwa bahati tu, rubani wa doria alipoona mafuta yametanda baharini.

Desemba mwaka huohuo nahodha akapandishwa mahakama ya kijeshi. Kwa shtaka la kuchelewa kuamuru watu waiache meli, akaachiwa. Kwa shtaka la kutokwenda mwendo wa nyoka ili kuikwepa nyambizi, akatiwa hatiani, ilhali amri aliyopewa ilimwachia yeye aamue kulingana na hali ya hewa. Waendesha mashtaka walimleta Washington hata kamanda wa ile nyambizi, Mochitsura Hashimoto, naye akawaambia kwamba angeipiga tu, iende mwendo wowote. Admirali Nimitz, mkuu wa wanamaji wa Marekani katika Pasifiki, alikuwa ametaka McVay aishie kupewa barua ya karipio, hakusikilizwa. Marekani ilipoteza mamia ya meli katika vita ile, na ni nahodha huyu aliyebebeshwa kesi.

Adhabu ilisamehewa mwaka 1946, akarudi kazini, akastaafu 1949 kwa cheo cha admirali. Mtu atasema basi, yakaisha. Hayakuisha. Aliyesamehewa adhabu bado ana hatia kwenye jalada, na wazazi wa vijana waliokufa waliendelea kumwandikia barua za kumlaani. Novemba 1968 alijiua.

Waliomtetea ni walewale aliozama nao. Mwaka 1960 walimwalika kwenye mkutano wao, wakampokea kwa heshima, na baada ya kifo chake hawakuacha kudai. Miaka ya 1990 mwanafunzi mdogo wa Florida, Hunter Scott, aliifanya habari hiyo kuwa kazi yake ya somo la historia, akawatafuta walionusurika, na sauti yao ikafika Bunge la Marekani. Hashimoto naye alimwandikia seneta kumtetea adui yake wa zamani. Oktoba 2000 azimio la kumwondolea McVay lawama likapita na Rais Clinton akalitia saini. Hashimoto alikuwa ameshafariki siku chache kabla. Julai 2001 Waziri wa Jeshi la Wanamaji akaamuru liingizwe kwenye jalada la McVay. Hukumu yenyewe haikutenguliwa, na kwangu huo ni upungufu.

Nakuja nyumbani. Mnamfahamu mzee wetu aliyevuliwa uhazini kwa upungufu katika mfuko wa mazishi. Siku ile alisema pesa zilikomboa mwili wa mwenzetu hospitalini, lakini mwenyekiti aliyeidhinisha alikuwa ameshazikwa na karatasi haikuonekana. Mwaka huu mama mmoja mjane, akipekua nyaraka za mirathi, kakuta stakabadhi. Tarehe ni ileile, kiasi ni kilekile, na nyuma kuna saini ya marehemu mwenyekiti, wino wa bluu uliochuja lakini unasomeka. Kamati imeilinganisha na kitabu cha benki, inakubaliana hadi shilingi.

Kwenye kamati wapo walioshauri tumvishe mzee shuka, tumpigie makofi, tule. Wengine wakasema hana kinyongo, kwa nini tufukue? Shuka avishwe, lakini mjukuu wake akija kufungua kitabu chetu cha mihutasari hatakuta shuka, atakuta neno "ubadhirifu". Kwa hiyo kamati inaleta hoja: ukurasa ule usichanwe, neno lile likatwe kwa mstari mmoja, pembeni yaandikwe masahihisho kwa tarehe na saini zetu, nakala ya stakabadhi ibandikwe, na yote yasomwe kwa sauti mzee akiwa ameketi hapahapa ukumbini.

Hoja hiyo ni ajenda ya nne. Nimeiweka kabla ya chakula kwa makusudi, maana baada ya mtori akidi huwa hatuna.