Wema wa safarini una namna yake

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua nizungumzie wema wa safarini, ule unaotoka kwa mtu usiyemjua na ambaye huenda usimwone tena. Abiria akihangaika bila msaada, upesi tunasema watu siku hizi hawana utu. Mimi naona utu wanao. Wengi wanakwama kwa kutojua waanzie wapi, na asiyejua aanzie wapi huishia kutazama dirishani.

Mwaka 1973 wanasaikolojia wawili wa Marekani, John Darley na Daniel Batson, walichapisha jaribio walilolifanya kwa wanafunzi wa seminari ya Princeton. Kila mwanafunzi alitumwa jengo la pili kwenda kutoa hotuba, baadhi yao kuhusu Msamaria Mwema, na njiani akapitishwa mbele ya mtu aliyejikunyata mlangoni akikohoa na kugumia. Waliokuwa na muda wa kutosha, asilimia 63 walimsaidia. Walioambiwa wamechelewa, asilimia 10 tu. Mada ya hotuba haikuleta tofauti ya maana. Nalitaja kwa sababu linatuonyesha pa kuanzia: fika kituoni mapema. Mwenye dakika 20 za ziada humwona mzee anayepambana na ngazi, ilhali anayekimbilia lango haoni kitu.

Ukishamwona mwenye shida, uliza kabla ya kugusa. Hapa ndipo wema mwingi unapoharibika. Chukua mfano wa abiria asiyeona, amesimama na fimbo yake nyeupe. Mtu mwenye pupa humkamata mkono na kumvuta, au humsukuma mgongoni kama mkokoteni, na kwa vyovyote vile abiria hajui mguu unaofuata utatua wapi. Msalimie, jitambulishe, muulize kama angependa asindikizwe. Akikubali, gusisha nyuma ya kiganja chako na cha kwake ajue mkono wako ulipo. Yeye ndiye atakayekushika, juu kidogo ya kiwiko, nawe utatangulia nusu hatua. Mkienda hivyo, mwili wako unamweleza njia: ukigeuka anahisi, ukipunguza mwendo anahisi. Mkifika kwenye ngazi simama kidogo, sema kama zinapanda au zinashuka, na umwambie mkimaliza ya mwisho, maana mtu anayetegemea ngazi isiyokuwepo huanguka vibaya. Kwenye kiti usimkalishe. Weka mkono wake kwenye egemeo, mengine atayamaliza mwenyewe. Fimbo yake usiishike wala usiihamishe. Kosa linaloumiza zaidi hutokea mwishoni: msaidizi anaondoka kimyakimya, na mwenzake anabaki akiongea na hewa katikati ya uwanja. Mfikishe kwenye ukuta, nguzo au kaunta, mwambie anatazama upande gani, kisha muage.

Mwenye kiti cha magurudumu naye aulizwe kishikwe wapi. Sehemu za kuwekea mikono na za kuwekea miguu mara nyingi huchomoka, na anayenyanyulia hapo hubaki na kipande mkononi huku mtu akianguka. Kwenye mteremko mkali kiti hushushwa kinyumenyume, breki zikiwa karibu na mkono.

Mizigo ni rahisi zaidi. Muulize mwenyewe uzito na kama kuna kinachovunjika, kunja magoti, kumbatia begi karibu na kifua, na lipumzishe kwanza kwenye kiti kabla ya kulipandisha juu. Anayelirusha kwa mkupuo mmoja hujiumiza mgongo au huliangusha kichwani mwa aliyekaa chini yake.

Kuhusu kichefuchefu, zawadi kubwa unayoweza kumpa mwenzako ni kiti chako. Tatizo huanza pale sikio la ndani linapohisi mwendo huku macho yakitazama kitu kilichotulia, kama simu au kitabu. Kwenye gari mpishe kiti cha mbele, kwenye ndege karibu na bawa, kwenye meli katikati, atazame mbali pale mbingu inapokutana na ardhi au maji. Fungua dirisha kama linafunguka. Na ule mfuko wa kutapikia ukague kabla ya kumkabidhi, kwani mwingi una tundu chini.

Mtu akianguka kwa kifafa, tazama saa. Sogeza vitu vigumu, weka nguo laini chini ya kichwa, legeza kola. Usimkandamize na usimtie chochote mdomoni, si kijiko wala kidole. Mtikisiko ukiisha mlaze ubavu, ukae naye mpaka fahamu zirudi sawasawa. Ukivuka dakika 5, au ukirudia kabla hajazinduka, hilo ni la wauguzi mara moja. Na katika umati usipige kelele ya jumla kwamba mtu asaidie, kwa maana kila mmoja atamsubiri mwingine. Mwelekeze mmoja kwa kidole: wewe mwenye shati la bluu, mwite dereva.

Sasa nigusie hofu, kwa sababu wasafiri wanaogopana na wana sababu. Wapo wanaowekewa dawa za kulevya kwenye chakula, wapo wanaoibiwa. Nadhani jibu ni kufanya wema ambao mwenzako anaweza kuukataa bila aibu na kuupokea bila kujiweka hatarini. Ukimpa maji, iwe chupa ambayo mfuniko wake haujafunguliwa, aufungue mwenyewe. Akikataa, usinune. Mtoto usimpe kitu kabla ya kumuuliza mzazi wake, kwani karanga kidogo tu zinaweza kumziba pumzi mtoto ambaye mwili wake hauzivumilii. Mtu akiomba kupiga simu, mwombe akutajie namba, ibonyeze wewe, weka spika, simama naye. Simu haijatoka mkononi mwako na yeye hajaona kwamba umemshuku. Ikiwa yake imezima, dakika 10 hadi 15 za chaji kwa kawaida hutosha iwake na apate namba ya mwenyeji wake.

Begi la mgeni unaweza kulitazama akienda msalani, ila patana naye muda, lisihame pale alipoliacha, na asiliache mahali ambapo walinzi hukamata mizigo isiyo na mwenyewe. Kulivusha mpakani au kwenye ukaguzi wa uwanja wa ndege ni jambo jingine kabisa. Hata kama ni bahasha ya dawa ya mama mgonjwa, kataa. Mzigo uliokutwa nao mkononi utahesabiwa wako, na hakuna afisa atakayeridhika na hadithi ya rafiki uliyemfahamu kwa saa 2 tu.

Kuelekeza njia nako kunataka uangalifu. Simama ukitazama upande anaotazama yeye ili kushoto kwako kuwe kushoto kwake, usimtajie kona zaidi ya 3, tumia alama anazoweza kuziona, halafu mwombe arudie ulichosema. Kama lugha inampa shida, mwandikie jina la kituo kwa maandishi ya pale pale amwonyeshe kondakta. Kama hujui, sema hujui. Watu hubuni njia kwa kuona haya, na mgeni anapotea kwa sababu ya adabu yetu.

Urafiki huzaliwa humo humo, kwenye shughuli ndogo za namna hiyo, na watu huukwepa wakidhani wataudhi. Watafiti wa saikolojia Nicholas Epley na Juliana Schroeder walichapisha mwaka 2014 utafiti kuhusu abiria wa treni za Chicago. Watu walitabiri kwamba kuzungumza na jirani asiyefahamika kungewaharibia safari, lakini walioombwa kuzungumza walishuka wakiwa na furaha kuliko waliokaa kimya. Anza na kitu mnachokiona wote wawili, kama kuchelewa, mvua, au mzigo usioingia chini ya kiti. Anayejibu neno moja, anayerudisha vipokea sauti masikioni au anayefungua kitabu amekwisha kukujibu, mwache. Mwanamke aliye peke yake usimuulize analala wapi wala kama yuko peke yake, hata kama nia yako ni njema. Yeye hana namna ya kuiona nia yako.

Mkielewana, badilishaneni namba kabla ya pilikapilika za kushuka, na mhifadhi jina pamoja na mahali na tarehe, la sivyo baada ya mwezi litakuwa jina tupu katikati ya majina mengine. Usiahidi kumtembelea kama hujakusudia. Ile picha mliyopiga pamoja mtumie siku hiyo hiyo, pamoja na neno moja la kumuuliza kama amefika salama.

Wako,
Msomaji