Binti anasoma vizuri, ila haelewi

Korogwe, Jumapili jioni

Shoga yangu mpendwa,

Salamu nyingi. Huku hatujambo, mvua zimeanza na mahindi yameshachipua. Ujumbe wako wa Alhamisi niliusoma mara mbili, ya pili nikiwa jikoni nasubiri maharage yaive, nikaona nisikujibu kwa simu. Jambo la mtoto linataka karatasi.

Umesema binti kapata 12 kwa 50 kwenye Kiingereza, na kinachokushangaza ni kwamba akisoma kwa sauti hakwami, mpaka baba yake anamsifu. Usishangae. Kutamka na kuelewa ni kazi mbili, na sisi walimu tumewazoesha watoto hiyo ya kwanza.

Nakumbuka mwanafunzi mmoja wa kidato cha kwanza. Alisimama akasoma: "Unless it rains this week, the farmers will lose their maize." Ungedhani mtangazaji wa redio. Nikamuuliza kwa Kiswahili, mvua imenyesha au bado? Akafikiri, akasema, "Imenyesha, mwalimu, ikaharibu mahindi." Mvua alikuwa anaijua, wakulima anawajua, mahindi anayajua. Lililompotosha ni "unless", na sentensi nzima imeegemea hapo: mvua isiponyesha wiki hii, wakulima watapoteza mahindi yao. Kabla ya siku ile nilikuwa nasomesha darasa kwa zamu, namsifu asiyekwama, narudi ofisini nikiamini nimefundisha ufahamu. Nikiwakumbuka waliopita mikononi mwangu miaka ile, roho inaniuma.

Kwa hiyo usimnunulie kamusi kubwa zaidi. Maneno marefu ataulizia mwenyewe, maana yanaonekana. Yanayomwangusha ni madogo anayodhani anayajua: "although", "until", "instead", "hardly". Na yale yanayobadilika yakishikana na mwenzake. Wa kwangu mmoja aliandika kwamba mzee "aliangalia baada ya yatima watatu", kumbe "looked after" ni kuwatunza.

Halafu kuna hili la "it", ambalo nilichelewa kuliona. Kiswahili chetu kimetudekeza. Ukisema kikombe kiligonga meza kikavunjika, najua kilichovunjika ni kikombe. Ukisema ikavunjika, najua ni meza. Ngeli imeshanionyesha. Kiingereza kinasema "it broke" na kukuachia utafute mwenyewe. Vivyo hivyo "he" na "she": sisi tunasema "akaja" basi, mtoto hajazoea kuangalia kama ni mwanamume au mwanamke, na kwenye habari yenye watu wanne anapotea. Mpe penseli. Kila akikutana na "it", "she", "they", "this", achore mshale urudi mpaka kwenye jina linalotajwa. Ukurasa utachafuka, mwache. Mshale ukienda kusiko, hapo utajua kwa nini majibu yake hayaeleweki.

Nina hakika pia ananakili. Mtazame siku moja akijibu maswali. Swali likiuliza "Why did Asha leave the market early?", atapekua habari akitafuta neno "early", akilipata atanakili sentensi nzima. Asipolipata ataacha wazi, wakati habari imesema nyanya zilikwisha adhuhuri, Asha akajifunga kanga akaondoka. Jibu liko pale mbele yake kwa maneno mengine. Ndiyo maana tuisheni ile unayoifikiria siiungi mkono, kama ni ya kugawa karatasi za maswali tu. Itamwongezea kasi ya kunakili.

Kinachomfaa ni kusoma vitu vyepesi, vingi, kila siku. Wanaochunguza usomaji wa lugha ya pili wanasema msomaji huelewa bila kutaabika akiwa anajua kama maneno 98 katika kila 100. Fanya hesabu hiyo na kitabu chochote: ahesabu maneno 100, aone mangapi hayajui. Mawili matatu, asome. Kumi, akiweke kwanza. Vitabu vya kiada vya kidato cha kwanza vitamshinda hesabu hiyo, na si kosa lake. Miaka saba amesoma masomo yote kwa Kiswahili, ila Kiingereza chenyewe, kisha ndani ya mwezi mmoja Biolojia na Jiografia zikageuka Kiingereza.

Usikubali mtu akwambie mzuie kutumia Kiswahili nyumbani. Kile alichojifunza shule ya msingi ndicho mtaji wake. Akikuta sura ya Biolojia kuhusu chakula kinavyosagwa tumboni, atoe kwanza kitabu chake cha sayansi cha zamani, asome kwa Kiswahili, ndipo afungue cha Kiingereza. Atakuwa anatafuta majina mapya ya vitu anavyovijua. Hadithi pia zipo za namna hiyo: kwenye tovuti ya African Storybook kuna vitabu vidogo vya bure, vingi hadithi ni ileile kwa Kiingereza na kwa Kiswahili. Simu ya baba yake inatosha.

Na wewe una sehemu yako, usiniambie Kiingereza chako kimeshika kutu. Jioni ukichambua mchicha, mkalishe karibu akusimulie alichosoma, kwa Kiswahili. Muulize nani alifanya nini, kwa nini, na amejuaje. Hilo la mwisho ndilo muhimu: akuonyeshe mstari. Asipouona, arudie aya, usimkaripie. Dakika 20 tu, lakini kila siku.

Kesho namtumia vitabu vitatu vyembamba kwa basi, utavipokea stendi. Aanze na chenye jalada la kijani, ni rahisi kuliko vyote. Akiona cha kitoto, mwambie ni mimi nimesema. Ndani nimeweka penseli mbili. Akimaliza, aniandikie barua mwenyewe, kwa lugha anayotaka, anieleze ni ukurasa gani ulimsumbua na alitokaje.

Msalimie baba yake, na bibi.

Mwenzio wa bweni,
Mwalimu