Tuachieni nusu saa ya kucheza

Ndugu Mhariri,

Naomba unipe nafasi kidogo kwenye gazeti lako, kuna jambo limenikaa moyoni tangu nisome barua ya msomaji mwenzangu aliyelalamika kwamba wasanii wa siku hizi hawana nidhamu na wakipanda stejini wanaonekana kama watu waliotumwa. Hilo la kutumwa kaliona vizuri kabisa, hata mimi naliona, nyuso zimekauka, mtu anaimba wimbo wa furaha huku macho yake yako kwenye simu iliyosimamishwa mbele anacheki kama bado inarekodi. Ila sababu aliyoitoa siyo. Nidhamu ipo tena nyingi, maana mtu huyohuyo anarudia klipu ya sekunde 15 mara arobaini mpaka usiku wa manane. Kilichopotea ni raha, na nasema hivyo kwa sababu ilinipotea mimi mwenyewe.

Nimeimba kwaya zaidi ya miaka 20, sauti ya nne, yaani besi. Kilichonivuta mwanzo ni kitu kimoja tu, ule mtetemo unaousikia kifuani pale sauti zote nne zinapokaa sawasawa, aliyewahi kuimba kwaya anajua ninachosema. Sasa miaka ya karibuni kikundi chetu kikaanza kurekodi kila kitu, mazoezi yanarekodiwa, kupasha sauti kunarekodiwa, makosa nayo yanarekodiwa halafu yanatumwa kwenye grupu ili kila mtu asikie nani kaharibu wapi. Nia ilikuwa njema, sikatai. Lakini taratibu nikajikuta siimbi tena, najisikiliza. Noti ya juu bado iko mistari miwili mbele mimi nishaanza kuiogopa, nishawaza watu wataandika nini chini ya video. Mabega yanapanda, taya linakaza, pumzi inaishia juujuu kifuani haishuki, na koo likishabana namna hiyo sauti haitoki nzuri hata uwe fundi kiasi gani. Ukiisikiliza kwenye rekodi unaichukia, na kesho yake unabana zaidi. Nikafika mahali nikisikia mazoezi yameahirishwa nashukuru. Mtu aliyependa kuimba tangu mtoto anashukuru mazoezi yakiahirishwa! Iliniuma sana siku nilipoligundua hilo.

Kumbe hata wakubwa yaliwakuta. Pablo Casals, yule mpiga selo wa Uhispania (selo ni ala ya nyuzi kama fidla kubwa), mwaka 1901 alikuwa anapanda mlima Tamalpais kule California, jiwe likaporomoka likamponda mkono wa kushoto, ule wa kubonyezea nyuzi. Baadaye alisimulia mwenyewe kwamba wazo la kwanza lililomjia ni kumshukuru Mungu kwamba hatalazimika kupiga selo tena. Alikuwa kijana wa miaka 24 na jina lake lilishaanza kuvuma, ila hofu ya jukwaa ilimtesa kiasi hicho. Mkono ukapona, akaendelea kupiga mpaka uzeeni kabisa, alifariki 1973 akiwa na miaka 96. Na kitu kinachonigusa kuliko vyote kwake ni kwamba miaka mingi kila asubuhi alikaa kwenye piano akapiga muziki wa Bach, mtunzi wa zamani wa Ujerumani, piano jamani, siyo selo iliyompa mkate. Hapakuwa na ukumbi wala tiketi, alikuwa anaanza siku yake tu.

Mwaka huohuo wa 1973 watafiti watatu wa Marekani, Mark Lepper, David Greene na Richard Nisbett, walitoa utafiti walioufanya kwa watoto wa chekechea pale Chuo Kikuu cha Stanford. Walichagua watoto ambao tayari walikuwa wanapenda kuchora kwa kalamu za rangi. Wengine wakaahidiwa mapema kwamba wakichora watapewa cheti chenye muhuri wa dhahabu na utepe, wengine wakapewa cheti kama zawadi ya ghafla, wengine hawakupewa kitu. Wiki moja au mbili baadaye kalamu zikawekwa mezani tena, kila mtoto afanye anachotaka. Wale walioahidiwa cheti walichora karibu nusu tu ya muda waliochora wenzao. Waliopewa kwa ghafla hawakupungukiwa na chochote.

Mimi nimeisoma habari hiyo mara nyingi, kwa sababu watu wanaitumia vibaya wanasema eti msanii akilipwa anaharibika. Hapana jamani, msanii alipwe, tena alipwe kwa wakati, nimeshaona watu wengi wanaimbishwa na kuigizishwa bure kwa kuambiwa si mnafanya kwa mapenzi, huo ni unyonyaji na nauchukia. Ninachokisoma pale ni kwamba wale watoto walikuwa wanachora kwa ajili ya kuchora, halafu mtu mzima akaja akaweka kitu kingine mbele ya macho yao kabla hawajashika kalamu, na kuanzia hapo wakawa wanakiangalia kile kitu. Sisi kwetu cheti ni laiki na idadi ya watazamaji, iko pale kabla hujafungua mdomo.

Sasa nieleze kilichonirudisha. Jioni moja mwalimu wetu wa kwaya aliingia akasema simu zote kwenye begi, begi pembeni. Halafu akasema leo nataka muimbe vibaya, atakayeimba vibaya kuliko wote ndiye mshindi. Tukatazamana. Wa kwanza kuthubutu alikuwa mama mmoja wa sauti ya pili, mpole, yule anayeshika karatasi yake kwa mikono miwili siku zote na husikii akicheka. Tulipofika mwisho wa ubeti akalia kama mbuzi, kwa nguvu zake zote, karatasi kaishusha kabisa. Ukumbi mzima ukaanguka kwa kicheko. Mwingine wa sauti ya tatu akaanza kuingia mapema kwa makusudi kila mara, sisi wa besi tukaburuza kama gari bovu, watu wanajishika mbavu machozi yanatoka. Tulifanya hivyo kama dakika kumi. Halafu mwalimu akasema haya, sasa imbeni tu.

Ndugu Mhariri, tuliimba. Kwenye ubeti wa pili mwalimu akashusha mikono akaacha kutuongoza, na hakuna aliyepotea, lile neno la mwisho likakaa sauti zote nne na ule mtetemo niliokuwa nimeusahau nikausikia mpaka mgongoni. Hakuna aliyerekodi, kwa hiyo sina cha kukuonyesha.

Wala si miujiza. Ukishakosea makusudi kwa kiwango cha mwisho huna tena cha kulinda, na kicheko chenyewe kinalegeza taya na kuamsha misuli ya pumzi, kazi ambayo mazoezi ya kupasha sauti yanajaribu kuifanya kila siku. Tena moyo unaodunda kwa hofu na moyo unaodunda kwa hamu ni uleule. Mtafiti Alison Wood Brooks wa Chuo Kikuu cha Harvard, Marekani, alionyesha mwaka 2014 kwamba watu waliojiambia kwa sauti kwamba wana hamu kabla ya kuimba karaoke waliimba kwa usahihi zaidi kuliko waliojiambia wana wasiwasi. Neno moja tu limegeuzwa.

Kwa hiyo ombi langu ni kwa walimu wa kwaya, viongozi wa vikundi vya maigizo na ngoma, na wazazi wenye watoto wanaojifunza ala: kwenye kila mazoezi tuachieni nusu saa isiyorekodiwa, isiyopewa maksi, ambayo haiendi popote. Mwigizaji auseme mstari wake wa huzuni kama anatangaza mpira, mpiga gitaa apige wimbo asioujua, mtoto agonge piano kwa ngumi ikibidi. Najua watasema muda hautoshi na shoo imekaribia. Sisi tulikuwa na shoo baada ya siku tisa, na dakika kumi zile zilirekebisha mwisho wa wimbo ambao kwa wiki tatu tulikuwa tunautafuta hatuupati.

Na ndugu yangu uliyeandika kuhusu nidhamu, nakukaribisha mazoezini kwetu siku yoyote, uje ukae pembeni usikilize, simu yako tutaiweka kwenye begi pamoja na zetu. Siku hizi watu wanafika dakika kumi kabla ya wakati bila kuitwa. Na yule mama wa sauti ya pili ameshatangaza kwamba mara ijayo anakuja na jogoo.

Wako,
Mwimbaji wa sauti ya nne